Kondomu Huachwa Mapenzi Yakikolea

Kijana wa Mchinga anayepata nafasi ya chuo Iringa, Mbeya au Dar es Salaam amesikia habari za UKIMWI tangu shule ya msingi. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliukuta mkoa wake wa Lindi na maambukizi chini ya asilimia 1, huku Njombe, jirani ya Iringa na Mbeya, ikiwa na asilimia 11.4. Ni habari njema, ila aliyekulia penye wagonjwa wachache huzoea kuuona ugonjwa kuwa wa watu wa mbali, na chuo humpeleka huko huko mbali.

Siamini kwamba wanachuo wamekosa elimu. Wengi watakueleza bila kusita kwamba kondomu ikitumiwa vizuri, tena kila mara, huzuia VVU. Shida ni muda wa kuitumia. Hutumika siku za mwanzo. Uhusiano ukinoga, wakishatambulishana kwa marafiki, anayeitaja tena huonekana ama hamwamini mwenzake ama ana lake analoficha. Msichana ndiye hubanwa zaidi, hasa mwanamume akiwa amemzidi umri na ndiye anayelipa kodi ya chumba boom, yaani fedha za mkopo wa chuo, likichelewa. Kuiacha kondomu kunageuka kuwa ushahidi wa mapenzi. Na imani yote hiyo imejengwa juu ya sura na ucheshi, wakati VVU huweza kukaa mwilini miaka bila dalili.

Woga unaobaki ni wa mimba. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inanunuliwa duka la dawa, na saa zake 72 zinajulikana hosteli nzima. VVU haivizuii hata kidogo. PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, nayo ina ukomo wa saa hizo hizo 72: huanzwa hospitali, kwa mfano kondomu ikipasuka, na humezwa siku 28. Inastahili kujulikana sawa na P2.

Wanaopendana kweli wapime pamoja, waendelee na kinga, kisha warudie baada ya miezi 3, kwa sababu vipimo vya haraka hutafuta kingamwili, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Ndipo wazungumzie kuacha kondomu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, faraghani. Anayerudi Mchinga likizo ni heri afunge kipimo na kondomu begini kabla ya kupanda basi, maana mwenye duka kijijini ni jirani wa mama yake.