Mtambo wa pili mlimani

Saa kumi na moja alfajiri ukungu bado umeukalia mlima, lakini ndani ya kibanda cha mitambo ya redio jasho linatutoka. Makabati mawili ya chuma yamesimama bega kwa bega. La kushoto linavuma, feni zake zikipuliza joto; la kulia limewaka taa moja tu ya njano. Mezani, kiredio cha betri kinaimba kwaya.

"Sogea huku mwanangu, na hiyo kebo usiiguse," ananiambia fundi mitambo, mzee aliyeanza kazi enzi za mitambo ya valvu. Kisha, bila kunitahadharisha, anazima umeme wa kabati la kushoto.

Kwaya inakatika, kiredio kinatoa mchakacho mtupu. Nahesabu kimoyomoyo. Nikifika tano, kitu kinagonga "tak!" nyuma ya makabati, la kulia linaanza kuvuma, na kwaya inarudi kwenye ubeti uleule.

"Msikilizaji atadhani betri zake zinalegea," anasema mzee. "Hatajua kwamba tulishakufa tukafufuka."

Mlio ule wa "tak" ndio roho ya mfumo mzima. Mitambo yote miwili imefungwa kwenye swichi moja nzito ya kebo: mmoja unapelekwa kwenye antena, mwingine kwenye dami lodi, yaani kifaa kinachomeza nguvu ya mtambo na kuigeuza joto bila kurusha chochote hewani. Kidhibiti kidogo kinaangalia nguvu inayotoka. Ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa na kubaki huko kwa sekunde kadhaa, kinazima kwanza nguvu ya mitambo yote miwili, kinageuza swichi, kinahakikisha imekaa sawasawa, ndipo kinauruhusu mtambo wa akiba urushe. Utaratibu huo haupindwi. Swichi ikigeuzwa huku wati 1,000 zinapita ndani yake, cheche huunguza vishikizo vyake, na hapo unakuwa na mitambo miwili isiyo na njia ya kufika kwenye antena.

Zile sekunde za kusubiri nazo zina sababu. Umeme wetu huyumba. Kidhibiti chenye pupa kitahamisha matangazo kila taa inapofifia, hadi swichi ichakae. Mzee ameweka pia sharti kwamba matangazo yasirudi yenyewe kwenye mtambo mkuu. Lazima mtu apande, aone kilichoharibika, ndipo arudishe kwa mkono wake. Nakubaliana naye kabisa.

Nina kidonda changu katika jambo hili. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi kilikuwa na mtambo wa akiba tuliojivunia kwa wageni. Msimu wa masika, maji yakaingia kwenye kiungio cha kebo huko juu mnarani. Nguvu iliyopaswa kutoka ikawa inarudi chini kwenye mtambo. Mtambo mkuu ukajizima kujilinda, kidhibiti kikaleta wa akiba, nao ukajizima, kikaurudisha wa kwanza. Ikaendelea hivyo usiku kucha hadi wa akiba ukaungua. Ubovu haukuwa kwenye mtambo wowote kati ya hiyo miwili; ulikuwa juu yake, mahali inapochangia. Tulikaa kimya siku mbili.

Ndiyo maana fundi makini huitazama zaidi nguvu inayorudi kuliko anavyoitazama inayotoka. Kwenye mtambo wa wati 1,000, antena nzima hurudisha wati chache tu. Zikifika 40, ni wakati wa kwenda kukagua viungio. Zikifika 250, robo nzima ya nguvu inarudi nyumbani, na kuleta mtambo wa pili hakusaidii kitu. Kidhibiti kiwekwe kitambue hali hiyo: mtambo wa pili nao ukikataa, kisimame na kuita fundi.

Kwa hiyo unapofunga mfumo huu, jiulize mitambo yako miwili inachangia nini. Kila mmoja uwe na swichi yake ya umeme. Kidhibiti kipate betri yake, maana kikizima pamoja na mtambo hakuna wa kufanya maamuzi. Waya wa ardhi uwe mnene na wa njia fupi, kwani radi ikipiga mnara haitachagua mkuu na akiba. Masafa na kiwango cha sauti vilingane, la sivyo msikilizaji atarushwa kutoka sauti kubwa hadi mnong'ono.

Gharama ndiyo kisingizio cha kukosa mtambo wa pili kinachosikika zaidi, hasa kwenye redio za jamii. Maoni yangu ni haya: bora wati 500 mara mbili kuliko wati 1,000 zilizo peke yake. Nguvu ikipungua nusu, eneo la usikivu halipungui nusu; kinachopungua ni desibeli 3, na walio wengi hawatagundua. Wa pembezoni kabisa ndio watasikia mchakacho. Mtambo ukifa, wote hawasikii kitu.

Na wapo wanaotegemea kusikia. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa na maana kwa mvuvi pale tu ilipomfikia kabla hajasukuma chombo majini. Kwa mvuvi asiye na bando, redio ndiyo njia yenyewe.

Mzee aliwasha tena kabati la kushoto, akasubiri, akarudisha matangazo, kisha akaandika tarehe na saa kwenye daftari lililopauka. Kurasa zake zimejaa majaribio ya kila juma. Enyi wenye vituo, pandeni mlimani alfajiri moja juma hili, mkiwa na redio ya mkononi. Zimeni mtambo mkuu, halafu hesabuni.