Wachina wataacha upenyo wapi Kikopey?

Mbuzi wa Ijumaa Kikopey huliwa na watu wanaoelekea Nakuru. Wa Jumapili huliwa na wanaorudi Nairobi. Mchoma nyama aliyenieleza haya ana zaidi ya miaka ishirini mbele ya makaa, na kazi yake yote huipanga kwa kufuata mwelekeo huo: achinje wangapi, mbavu zipande motoni saa ngapi, kijana wa kuwapungia mkono madereva asimame upande gani wa lami.

Nilifika kwake nikitoka Kariandusi, kilomita chache tu kutoka hapo, nilikokwenda kutazama mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey aliyagundua mwaka 1928. Makala niliyokusudia kuandika ilikuwa ya mashoka hayo. Lakini nikiwa nasubiri nusu kilo yangu, mzee huyo aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani hadi leo. "Nyinyi watu wa magazeti, hamjasikia Wachina wataacha upenyo wapi?"

Sikumwelewa. Akachukua chumvi, akaimwaga kwenye ubao wa kukatia nyama, mistari miwili iliyonyooka kama rula. Huu wa kwenda, huu wa kurudi. Katikati akalaza mfupa wa ubavu. Vipande viwili vya nyanya kutoka kwenye kachumbari vikawa magari. Leo hii, akasema huku akisukuma nyanya kwa ncha ya kisu, dereva wa ng'ambo akinusa moshi huwasha taa ya kukata kona, hungoja lori lipite, kisha huvuka. Punde yuko mezani ananawa mikono. Sasa weka ukuta hapa kati. Nyanya ikaugonga mfupa ikasimama. "Atageukia wapi? Mtu hawezi kwenda mpaka Mbaruk ageuze gari ndipo arudi kula mbavu. Hapo njaa yake imeshafika Nakuru."

Mteja wa meza ya jirani akacheka. Mzee hakucheka. Alisogeza mfupa kidogo, akaacha nafasi ya upana wa kidole gumba kati yake na kipande kingine. "Upenyo kama huu tu. Mimi sitaki kingine."

Habari za barabara yenyewe wasomaji wanazijua. Uhuru Kenyatta alipokuwa Paris mwaka 2020, mkataba wa kupanua njia ya Rironi hadi Mau Summit ulitiwa saini na kampuni za Kifaransa. Mwaka 2025 mkataba huo ukavunjwa, na Novemba 28 mwaka huohuo Rais William Ruto akazindua mradi upya mikononi mwa Wachina. Kuanzia Rironi hadi Gilgil, pamoja na njia ya Maai Mahiu, ni China Road and Bridge Corporation wakishirikiana na hazina yetu ya hifadhi ya jamii, NSSF. Kuanzia Gilgil kwenda mbele, yaani hapa penye makaa na kule penye mashoka, ni Shandong Hi-Speed. Gari dogo litalipa shilingi 8 kwa kila kilomita, na kiwango kitapanda asilimia 1 kila mwaka.

Mzee amekwishapiga hesabu. Familia ya Nakuru inayomjia Jumamosi husafiri kama kilomita thelathini, kisha thelathini za kurudi. Hiyo ni shilingi 480. "Ni kama nusu kilo ya mbuzi, na hawajala kitu," alisema. Je, mtu anayeingia njiani kwa kilomita tano tu atalipa za ngapi? Hilo nalo aliniuliza mimi.

Si kwamba anaipinga barabara. Usiku mwingi ameacha nyama ikiungua akakimbia na wenzake kuvuta watu kwenye mabati ya matatu iliyogongana uso kwa uso na lori. Anautaka huo ukuta wa kati kuliko mtu yeyote mjini. Wala hana neno na Wachina. Wamekula kwake, hulipa taslimu, na mutura wanaujua.

Kinachonisumbua mimi ni umbali kati ya ubao ule na ukumbi wa Beijing. Tangu Oktoba 2000 China imeziita nchi za Afrika kwenye jukwaa moja, FOCAC, kila baada ya miaka mitatu: leo nchi 53, zote isipokuwa Eswatini yenye uhusiano na Taiwan, pamoja na Umoja wa Afrika. Septemba 2024 Xi Jinping aliahidi humo yuan bilioni 360 kwa miaka mitatu, dola bilioni 50 hivi. Picha hupigwa ya wote kwa pamoja. Mikataba hutiwa saini na kila nchi peke yake, na sijaona bado kikao ambapo Waafrika waliketi kwanza wakakubaliana bei ya kilomita.

Hata zawadi haziwafikii wote kwa pamoja. Mkutano huohuo wa 2024 ulifuta ushuru kwa bidhaa za mataifa 33 ya Afrika yaliyo maskini zaidi. Tanzania, Uganda na Rwanda zikaingia. Kenya ikabaki nje, kwa kuwa haihesabiwi maskini kiasi hicho. Ahadi ya kuwaingiza wote 53 ilitolewa Juni 2025, na sijui mkulima wetu wa parachichi alikuwa ameambiwa nini katika miezi ile ya katikati.

Reli ya kisasa tuliijenga kwa mikopo ya benki ya Exim ya China, ikaishia Naivasha na Suswa mwaka 2019, na deni tunalo. Safari hii serikali inasema hakuna deni: mjenzi analeta fedha, msafiri anazirudisha. Naona ni nafuu kwa Hazina ya Taifa. Ila mkopo wa serikali huwa na bunge la kuuhoji, japo kwa kuchelewa. Shilingi 480 za familia ya Nakuru atazihoji nani? Nilimwuliza mzee kama amewahi kuandika barua kuhusu upenyo wake.

"Nimpelekee nani? Kaunti wanasema barabara ni ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. KeNHA watasema ni ya mwekezaji. Mwekezaji nitamwandikia kwa lugha gani?"

Serikali inataka kazi ikamilike mwaka 2027. Yeye hangoji majibu. Ameanza kuulizia ploti ng'ambo ya pili, awe na makaa pande zote mbili, ya Ijumaa huku na ya Jumapili kule. Mwenye ploti naye amezisikia habari za barabara, na kodi aliyoitaja mwanzoni ameshaiongeza.