Kifua Kikuu: Mtambo u Karibu, Mgonjwa yu Mbali

Hospitali ya Mbagathi na mtaa wa Kibera, magharibi mwa jiji la Nairobi, ni majirani wa tangu zamani. Hospitali hiyo ilijengwa enzi za ukoloni ili kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza, na kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa maradhi hayo. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, iliyoundwa mwaka wa 1979, nayo ina makao yake makuu katika barabara ya Mbagathi. Ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambamo elimu ya tiba imekusanyika kwa wingi namna hii. Hata hivyo, katika vyumba vya Kibera, Kawangware na Kangemi, mtu aweza kukohoa hadi mwezi wa pili bila kupimwa.

Kwa zaidi ya karne moja tangu Robert Koch atangaze ugunduzi wa kiini cha kifua kikuu mjini Berlin mwaka wa 1882, tegemeo la madaktari wetu lilikuwa hadubini. Mgonjwa alitoa kohozi, mtaalamu akalitazama, na viini vikiwa vichache havikuonekana. Wengi walirudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu, hasa wale walioishi na virusi vya ukimwi. Njia ya kuotesha viini katika maabara ilikuwa ya kuaminika zaidi, lakini majibu yake yalichukua majuma kadhaa, na mgonjwa mahututi hana majuma ya kungoja.

Mambo yalibadilika mwezi wa Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha mtambo wa GeneXpert. Kohozi hutiwa katika kikasha kidogo cha plastiki, nao mtambo huitafuta chembe ya urithi ya kiini chenyewe. Kwa muda usiozidi saa mbili daktari hujua mambo mawili: kwamba mgonjwa ana kifua kikuu au hana, na kwamba kiini hicho kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba, au la. Mwaka wa 2021 shirika hilo lilikubali pia kwamba kompyuta inaweza kuzisoma picha za eksirei za kifua na kuonyesha ni nani anayestahili kupimwa kohozi.

Tiba nayo haikubaki nyuma, na hapa Waafrika Mashariki tuna haki ya kujivunia. Zamani mgonjwa alitibiwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Utafiti ulioanza mwaka wa 1970 katika hospitali za eneo hili, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ulithibitisha kwamba kwa kuchanganya dawa zinazofaa miezi sita yatosha. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1972 na yakasaidia kubadilisha tiba ya ugonjwa huu ulimwenguni. Kwa kifua kikuu sugu safari ilikuwa ndefu zaidi. Wagonjwa walivumilia hadi miaka miwili ya matibabu, pamoja na sindano za kila siku ambazo baadhi yao ziliwaondolea uwezo wa kusikia. Tangu mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wengi wao, tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita.

Je, mbona basi ugonjwa huu ungali nasi? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 na 2016 ulitupa jibu lisilopendeza. Ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu, na kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa nchini hawakuwa wakigunduliwa. Wengi wa waliopatikana hawakuwa na virusi vya ukimwi. Isitoshe, wengi waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda kutafuta matibabu, na wapo waliotambuliwa kwa eksirei pekee, kwa kuwa hawakuhisi lolote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si kila asiyepimwa ameficha. Anayetoka Kibera alfajiri akitembea kwa miguu hadi eneo la viwandani kutafuta kibarua hulipwa siku anayofanya kazi tu. Akienda kliniki asubuhi, amepoteza ujira, na watoto watalala njaa. Kwa hiyo hununua dawa ya kikohozi dukani jioni, na juma lifuatalo hununua nyingine. Serikali hutoa vipimo na dawa za kifua kikuu bila malipo katika hospitali za umma, lakini nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea hulipwa na mgonjwa. Wakati huo wote, chumba anamolala na jamaa zake hakina dirisha la maana, nao wanavuta hewa ile ile.

Tumewahi pia kujaribu ukali. Mwaka wa 2010 wagonjwa walifungwa katika gereza la Kapsabet kwa kosa la kuacha dawa. Ilichukua hadi Machi 2016 kwa Mahakama Kuu mjini Nairobi kuamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu hiyo ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na pia wa busara ya kitabibu. Gereza lililosongamana ni mahali pa kukikuza kifua kikuu, na anayeogopa pingu hawezi kujitokeza kupimwa.

Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa kwamba sehemu kubwa ya vita hivi tumeipigana kwa fedha za wengine. Mtambo usio na vikasha ni fanicha tu. Bei ya kikasha kimoja ilipunguzwa mwaka wa 2023 hadi chini kidogo ya dola 8 za Marekani, kiasi ambacho taifa linaweza kukipangia katika bajeti yake lenyewe.

Kwa maoni yangu, serikali kuu na ile ya kaunti ya Nairobi zina mambo matatu ya kutekeleza. Kwanza, ununuzi wa vikasha na usafirishaji wa kohozi ugharimiwe na hazina yetu. Pili, kliniki za kifua katika mitaa ya mabanda zifunguliwe jioni na siku za Jumapili, wakati ambapo kibarua yuko nyumbani. Tatu, wenye maduka ya dawa wapewe mafunzo, ili anayerudi mara ya pili kununua dawa ya kikohozi aelekezwe kwenye kipimo.

Wataalamu wamekwisha kutuonyesha kwamba saa mbili zatosha kulipata jibu. Wajibu wa viongozi wetu sasa ni kuyapunguza majuma ambayo mgonjwa hupoteza kabla ya saa hizo mbili kuanza kuhesabiwa.