Mwalimu Aliyeanguka Kwenye Theluji

Kuanzia Novemba 2022 hadi Machi 2023 nilikuwa katika mji wa Leipzig, nchini Ujerumani. Nilikwenda kufundisha Kiswahili katika darasa la jioni la watu wazima. Tangu nirudi, kila kijiji ninachofika naulizwa swali moja: “Eti Mwalimu, siku za mapumziko watu wa kule hufanya nini kwenye baridi ile? Hujifungia ndani?”

Hapana, hawajifungii. Wengi hupanda milimani kuteleza juu ya theluji. Nami nilikwenda. Katika makala hii nitaeleza theluji ni nini, watu hutelezaje, na hatari zake ni zipi. Pia nitaeleza jambo moja nililojifunza kule. Jambo hilo linawahusu ninyi wanafunzi wa madarasa yetu.

THELUJI NI NINI?

Mvua ya mawe mnaijua. Theluji siyo mvua ya mawe. Mawe ya mvua ni matone ya maji yaliyoganda yakawa magumu. Yakianguka hupiga mabati kwa kishindo.

Theluji huanza mawinguni, mahali penye baridi kali. Mvuke wa maji huganda hapo hapo bila kuwa tone kwanza. Unakuwa chembe ndogo za barafu zenye pembe sita. Chembe hizo hushikana na kushuka taratibu. Ukizitazama utadhani kuna mtu huko juu anachambua pamba. Hazina kelele hata kidogo. Unaamka asubuhi, unakuta paa, miti na barabara, vyote vyeupe.

Sisi Tanzania theluji tunayo, juu ya Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 5,895. Wanafunzi wangu wa Leipzig walilijua hilo vizuri. Mtu wa mji wao, Hans Meyer, alifika kwenye kilele cha mlima ule tarehe 6 Oktoba 1889. Alikuwa na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria, na walisaidiwa na wapagazi na waongozaji njia Waafrika.

Basi wanafunzi wakaniuliza, “Mwalimu, umetoka nchi ya Kilimanjaro. Theluji umeshaishika?”

Nikacheka. Theluji ya Kilimanjaro nimeiona kwa dirisha la basi pale Moshi. Kuigusa, sijawahi.

Wakasema, “Jumamosi utaigusa.”

SAFARI YA MLIMANI

Tulikuwa watu watano: fundi seremala mstaafu, mama mmoja muuguzi, vijana wawili wa chuo kikuu, na mimi. Kule kuna tiketi ya treni ya siku moja ambayo watu hadi watano huweza kuitumia pamoja katika jimbo zima. Kwa hiyo tulichangishana, nauli ikawa nafuu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Majira ya baridi, jua la kule huchomoza saa mbili na kuzama mapema jioni. Tulipanda treni hadi Chemnitz, tukabadili hadi kituo cha Cranzahl. Hapo tulikata tiketi nyingine tukapanda treni ndogo ya moshi, inayokwenda kwa makaa ya mawe hadi leo. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1897 na ina urefu wa kilomita 17 hivi. Wazee wetu waliopanda treni za moshi wangeisikia honi yake wangekumbuka ujana wao.

Baada ya saa moja tukafika Oberwiesenthal, mji mdogo karibu na mpaka wa nchi ya Ucheki. Juu yake uko Mlima Fichtelberg. Kuna gari linaloning'inia kwenye waya, linalopandisha watu kileleni. Lilianza kazi mwaka 1924.

Sasa sikilizeni ajabu. Kilele cha Fichtelberg kiko mita 1,215 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,130 na zaidi kidogo. Kumbe kilele kile hakilizidi sana ziwa letu! Mbona sisi tunaogelea na wao wanapata theluji? Sababu ni jua. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua hutupiga utosini mwaka mzima. Ujerumani iko mbali na ikweta. Majira ya baridi jua lao hupita chini chini, siku huwa fupi, na ardhi haipati joto la kutosha. Baridi ikifika digrii 0 maji huganda. Siku ile kipimo kilionyesha digrii 9 chini ya sifuri.

VIFAA VYA KUTELEZEA

Anayeteleza huvaa mbao mbili nyembamba, ndefu karibu kama mtu mwenyewe. Mbele zimepinda juu kama ncha ya mtumbwi. Wenyewe huziita skii. Siku hizi hutengenezwa kwa mti na plastiki, na kingo zake ni za chuma ili zishike barafu.

Mbao hizi hazikuanza kama mchezo. Watu wa kaskazini walizitumia kuwinda na kusafiri, kwa sababu mguu mtupu huzama kwenye theluji. Huko Sweden uliwahi kuchimbuliwa ubao wa namna hii wenye umri wa zaidi ya miaka 5,000.

Viatu vyake ni vigumu kama mti. Hufungwa kwenye ubao kwa kibano. Ukianguka vibaya kibano hufunguka chenyewe, ili mguu usivunjike. Mikononi unashika fimbo mbili. Kichwani unavaa kofia ngumu. Machoni unavaa miwani, maana theluji huakisi jua hadi macho yakauma.

Nguo huvaliwa tabaka juu ya tabaka. Ila nguo ya pamba haifai kugusa mwili. Pamba hunywa jasho ikalowa, na kitu kilicholowa kwenye baridi ile huleta maradhi. Nilipoambiwa hivyo nilisikitika kidogo, maana mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba.

Gharama siyo ndogo. Kukodi vifaa na kulipia mashine ya kupandisha watu kwa siku moja kulinigharimu karibu fedha yangu ya chakula ya wiki nzima. Ndiyo maana niliteleza Jumamosi mbili tu miezi yote ile.

NILIVYOANGUKA

Nilijiona kijana mwenye nguvu. Nikasema moyoni, kama watoto wanaweza, mimi nitashindwaje? Nikavaa mbao, nikasimama. Kabla sijapiga hatua, mbao zikaondoka, mimi nikabaki. Nikaanguka chali.

Nikainuka. Nikaanguka. Nikajaribu tena, nikampitia mtu fimbo yake, tukaanguka wote wawili. Watoto wa miaka minne au mitano walikuwa wananipita kama swala. Mmoja akasimama kunitazama, akacheka, akaita wenzake. Nikasikia uso unawaka moto katikati ya baridi ile. Nikaanza kufungua vibano. Nikawaambia wenzangu kwamba mguu unauma, nitawasubiri mgahawani.

Ndugu msomaji, mguu haukuuma. Nilisema uongo kwa sababu ya aibu.

Yule mzee seremala alinitazama, akajua. Katika darasa langu la Kiswahili yeye ndiye aliyekuwa nyuma kuliko wote. Kila siku alisema “kitabu yangu.” Akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake, “Mwalimu, mimi kwa ngeli naanguka kila siku. Twende pale, hakuna watu. Polepole.”

Alinipeleka pembeni, penye mteremko mdogo usio na watazamaji. Hakuanza kunifundisha kuteleza. Alinifundisha kuanguka! Akanionyesha: ukiona unaanguka, angukia ubavu, usikae chini kwa nyuma. Kisha ugeuze mbao zikatishe mlima, zisielekee chini, ndipo uinuke. Tukaanguka na kuinuka mara kumi, yeye na mimi. Kufikia mara ya kumi sikuogopa tena.

Ndipo akanifundisha kusimama. Unakutanisha ncha za mbele za mbao na kutanua nyuma, zikawa kama plau. Wajerumani nao huita hivyo hivyo, plau ya theluji. Nikasema, kama ni plau, mimi nimekua nyuma ya ng'ombe! Jioni nikashuka mteremko ule mita hamsini nzima bila kuanguka. Mzee akapiga makofi.

SHERIA ZA MLIMANI

Mchezo huu ni wa hatari usipofuata sheria. Njia za kushukia zina rangi. Ya bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni kwa mabingwa tu. Anayeshuka kutoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake, kwa sababu wa chini haoni nyuma. Mtu akiumia, wengine lazima wasimame wamsaidie. Kuna vikundi vya uokoaji mlimani, na watu wengi humo hufanya kazi kwa kujitolea.

Theluji yenyewe inazidi kupungua. Dunia inapata joto. Miaka mingine mitambo hupuliza maji hewani ili yagande yawe theluji. Kwetu Kilimanjaro ni hivyo hivyo. Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha.

JUMAPILI MJINI

Jumapili sikutumia fedha nyingi. Nilitembea kwa miguu nikitazama mji. Siku moja yule mzee alinipeleka kwenye kanisa la Nikolai. Hapo watu walikuwa wakikusanyika kila Jumatatu kuombea amani, enzi za serikali ya Ujerumani Mashariki. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini humo bila silaha. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Mzee akaniambia, “Mimi nilikuwemo. Niliogopa sana.”

Tukiwa tunatembea, mama muuguzi alinieleza jambo ambalo sikulitegemea. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Ujerumani ina watu wazima milioni 6.2, wa umri wa miaka 18 hadi 64, ambao hawajui kusoma na kuandika Kijerumani vya kutosha. Wengine husoma neno moja moja au sentensi moja, lakini habari ndefu huwashinda. Nchi tajiri ile, yenye shule kila mahali! Wengi huficha. Mtu akipewa karatasi ofisini husema, “Leo nimesahau miwani yangu.”

Niliposikia hivyo nilikumbuka mguu wangu usiouma.

MZEE NILIYEMKOSEA

Kuna mtu mwingine nilimkumbuka. Mwaka 2019 darasani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, jina lake silitaji. Jioni moja alikwama kwenye herufi. Nikamwambia mbele ya wenzake, “Mzee wangu, hii si tumeisoma jana? Umeshaisahau?” Darasa likacheka. Nami nilicheka. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Katika daftari la mahudhurio nikaandika neno moja: mtoro.

Niliporudi kutoka Ujerumani nilikwenda kwake. Nilimkuta anasuka kamba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Karibu, kaa.”

Nikamweleza habari ya theluji, jinsi nilivyoanguka na watoto wakanicheka. Alicheka mpaka machozi. Kisha nikamwomba radhi kwa yale ya mwaka 2019.

Alinyamaza kidogo, akavuta kamba yake. Akasema, “Mwanangu, sikuzikimbia herufi. Nilikikimbia kicheko.”

Baada ya mavuno alirudi darasani. Husoma kwa kidole, polepole. Neno “mtoro” nimelifuta. Na siku hizi mwanafunzi mpya akija, somo la kwanza siyo herufi A. Namwomba kila mmoja ubaoni aandike kitu na akikosee, nami nakosea pamoja nao. Tunaanguka wote, tunainuka wote.

Wewe unayesoma gazeti hili ulianguka mara nyingi mpaka ukafika sentensi hii. Je, jirani yako aliyeacha darasa, unajua alikimbia nini? Nenda kamuulize. Usimcheke.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini theluji huanguka Fichtelberg na haianguki kandokando ya Ziwa Victoria?
2. Kwa nini seremala alianza kwa kumfundisha mwalimu kuanguka?
3. Je, katika kijiji chenu kuna watu walioacha masomo kwa sababu ya aibu? Mtafanya nini ili warudi?