Neno Letu Lililofika Kwenye Nyota

Jioni moja mjini Same umeme ulikuwa umerudi baada ya kukatika tangu mchana, nami nilikuwa nimeketi na dada yangu mkubwa tukichambua maharage yaliyoshushwa asubuhi kutoka milimani. Mjukuu wetu, msichana wa kidato cha pili, alikuwa ameikodolea macho televisheni, akitazama mchezo wa zamani wa Kimarekani wa safari za anga za juu. Mara dada akaacha kuchambua.

"Huyo binti mweusi wamemwitaje?"

"Uhura, bibi."

Dada akacheka. "Hao nao! Kusema Uhuru tu kumewashinda?"

Tulicheka sote, lakini baada ya chakula mazungumzo yakawa mazito. Mwezi ule mtoto alitakiwa kuchagua kama ataendelea na fizikia na kemia kidato cha tatu. Dada, ambaye ndiye anayelipa ada, alitaka achukue masomo ya biashara ili apate kazi mapema. Mtoto alitaka fizikia. "Ni hiyo michezo ya nyota inayomtia wazimu," dada akasema. Nami nikaahidi kuuchunguza mchezo huo kabla hatujamhukumu mtoto. Mpendwa msomaji, haya ndiyo niliyoyapata.

CHOMBO CHENYE WATU WA KILA RANGI

Mchezo huo unaitwa Star Trek. Ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na mtungaji wake alikuwa Gene Roddenberry, aliyepata kuwa rubani wa ndege za vita na baadaye polisi. Unasimulia habari za chombo kiitwacho Enterprise, kinachozunguka miongoni mwa nyota karne kadhaa zijazo, kikitafuta viumbe na nchi ambazo binadamu hajaziona.

Hadithi za vyombo vya angani zilikuwapo zamani. Jipya lilikuwa watu waliomo ndani. Mshika usukani alikuwa na asili ya Japani, na miaka 21 tu ilikuwa imepita tangu Marekani na Japani zimalize vita. Baadaye akaongezwa kijana Mrusi, wakati Marekani na Urusi zilikuwa zikitishana kwa mabomu. Ofisa wa pili kwa cheo, Spock, alikuwa nusu mtu na nusu mgeni wa sayari nyingine. Na kwenye kiti cha mawasiliano aliketi mwanamke mweusi, luteni, mwenye kazi ya heshima, wakati ambapo katika michezo mingi ya kule mwanamke mweusi alipewa sehemu ya mpishi au mtumishi wa nyumbani.

Akina mama watafurahi kujua kwamba kampuni iliyoutengeneza, Desilu, iliongozwa na mwanamke, mchekeshaji Lucille Ball. Mmoja wa waandishi wakuu wa hadithi zake alikuwa Dorothy Fontana, ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi za mwanzo tu, D. C. Fontana.

Fedha hazikuwa nyingi. Kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungegharimu mno, basi wakabuni njia ya watu kuyeyuka hapa na kutokea kule. Milango iliyojifungua yenyewe ilikuwa ikivutwa na watu waliojificha nyuma ya ukuta. Hata vifaa vya daktari wa chombo, baadhi yake vilikuwa vichupa vya chumvi vya mezani vyenye umbo la kigeni! Mama aliyewahi kupika chakula cha wageni kumi kwa fedha ya watu wanne ataelewa ufundi huo.

JINA LILIVYOPATIKANA

Mwigizaji wa Uhura alikuwa Nichelle Nichols, mwimbaji na mcheza dansi aliyezaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Robbins, Illinois. Siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iliyotoka mwaka 1962, inayohusu Kenya iliyokuwa ikielekea kujitawala. Jina la kitabu lilikuwa neno moja tu: Uhuru. Waliomhoji walimwomba asome kipande chake. Roddenberry alipenda neno lile, na kwa mujibu wa masimulizi ya Nichols mwenyewe, yeye ndiye aliyeshauri lilainishwe mwishoni liwe Uhura.

Kwa hiyo dada yangu hakukosea! Ni neno letu, lilelile tulilolipaza tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, na mwenge ulipowashwa juu ya Kilimanjaro. Miaka mitano baadaye lilikuwa likitajwa kwenye nyumba za Wamarekani, wakati watu weusi wa huko walikuwa bado wakidai haki zao. Uhura mwenyewe anaelezwa kuwa Mwafrika anayesema Kiswahili, na katika baadhi ya sehemu za mchezo Kiswahili kinasikika. Baadaye akapewa jina la kwanza, Nyota, nalo likatamkwa katika filamu ya mwaka 2009.

Kwetu bara hatukuuona wakati ule. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, na bara tulingoja hadi 1994. Neno letu lilitutangulia miaka mingi.

ALITAKA KUACHA KAZI

Si kwamba Uhura alitendewa haki yote. Maneno aliyopewa kusema yalikuwa machache, na mara nyingi yalipunguzwa. Baada ya mwaka wa kwanza Nichols alichoka, akampelekea Roddenberry barua ya kuacha kazi, akitaka kurudi kwenye uimbaji. Siku hizo hizo akahudhuria mkutano mmoja wa kuchangisha fedha, akaambiwa yuko mtu anayependa sana mchezo wake na anataka kumsalimu. Alipogeuka akamwona Mchungaji Martin Luther King.

Nichols alisimulia mara nyingi kwamba Mchungaji King alimsihi asiondoke. Alimweleza kuwa mchezo huo ndio pekee ambao yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wakeshe kidogo kuutazama, kwa kuwa humo watoto weusi waliwaona watu wao wakiwa na akili na heshima katika siku zijazo. Nichols akaghairi kuacha kazi.

Akina mama wenzangu, ni mara ngapi tumetaka kuacha nafasi kwa sababu ni ndogo na haina shukrani? Katika uimbaji wa kwaya, kamati ya shule, kikundi cha kuweka na kukopa, mwanamke hupewa kiti cha pembeni na kuambiwa aandike tu majina. Pengine kuna mtoto aliyekaa nyuma anayekuangalia.

SIKIO LA UHURA

Kazi ya Uhura ilikuwa kusikiliza. Katika sehemu moja iliyoonyeshwa Machi 1968, Enterprise inafika kwenye sayari inayofanana na dola ya Roma, lakini yenye redio na televisheni. Kuna watumwa wanaoteswa kwa sababu ya imani yao. Wakubwa wa chombo wanadhani watu hao wanaabudu jua, na jambo hilo linawatatiza. Uhura, aliyekuwa akisikiliza matangazo ya sayari hiyo, ndiye anayewafumbua macho: siyo jua la angani wanaloliabudu, bali Mwana wa Mungu. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa, na wanaume wote walikuwa wamesikia moja tu.

Majirani zetu Wachaga wataielewa vizuri hadithi hiyo, maana jina lao la kale Ruwa lilikuwa la jua na la Mungu pia.

KUTOKA MCHEZO HADI KWELI

Mchezo ulisimamishwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79. Lakini wapenzi wake waliendelea kuandika barua, na mwaka 1976 chombo cha kwanza cha majaribio cha aina ya kwenda na kurudi kikapewa jina la Enterprise kwa ajili ya barua hizo.

Nichols naye hakukaa na jina la mchezoni tu. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimpa kazi ya kuwahamasisha wanawake na watu wasio weupe waombe nafasi za uanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na watu 35, kati yao wanawake sita. Mmoja wao, Sally Ride, akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika anga za juu mwaka 1983.

Kisha tarehe 12 Septemba 1992 akaruka Mae Jemison, daktari wa tiba aliyewahi kuhudumu Sierra Leone na Liberia, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko. Utotoni alimtazama Uhura. Mwaka uliofuata aliigiza sehemu ndogo katika Star Trek mpya, mwanaanga wa kweli miongoni mwa wa kuigiza.

Na liko jambo la karibu nasi zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend wa NASA. Kwa heshima ya siku ile na wenyeji, satelaiti ikaitwa Uhuru. Ilipima miale ya eksirei itokayo mbinguni, ikapata vyanzo zaidi ya 300, na ikawasaidia wataalamu kutambua kile wakiitacho shimo jeusi. Haikuwa mchezo. Ilirushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Hata hivyo hatuna budi kuwa macho. Roddenberry hakuwa mtu wa dini, na mchezo wake mara nyingi unaonyesha binadamu anayejiokoa kwa akili na mashine zake. Mavazi ya wanawake humo ni mafupi kuliko tunavyofundisha majumbani mwetu. Na saa za kutazama zisile saa za masomo na sala.

Dawa si kuvunja televisheni wala kumnyang'anya mtoto simu. Kaa naye utazame. Mwulize: huyu amefanya haki? Nani amesahauliwa hapa? Nguvu hizi wamezipata wapi? Mtoto aliyezoea kuulizwa hatamezwa na kila anachokiona.

CHINI YA KILIMIA

Nilimweleza dada haya yote. Hakusema neno. Usiku ule umeme ulikatika tena, tukatoka uani. Same ni kavu, na mbingu yake ni safi mno. Milima ilikuwa giza tupu upande mmoja, na juu nyota zimejaa. Dada akatafuta kidogo kwa kidole.

"Kile ni Kilimia," akamwambia mjukuu. "Baba yetu kule milimani alikiangalia kabla ya kupanda."

"Kimo kwenye Biblia, bibi," mtoto akasema. "Ayubu, sura ya 38."

Ni kweli. Mungu anapomhoji Ayubu anakitaja Kilimia, na Daudi naye katika Zaburi ya 8 anazitazama mbingu na kustaajabu kwamba Muumba wake anamkumbuka mwanadamu. Kuuliza juu ya nyota si wazimu. Ni jambo la kale, na limo katika Maandiko.

Asubuhi dada alitaka kuona ripoti ya shule. Alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, hesabu kwanza. Akaikunja.

"Asome hiyo fizikia," akasema. "Ada nitaitafuta. Lakini maharage ataendelea kuchambua."

Mtoto alikuwa ameshavuta ungo.