Dola Kiunoni, Shilingi Sokoni: Mfanyabiashara wa Nundu na Malipo ya Ng'ambo ya Ziwa

Kabla boti haijang'oa nanga Baraka kuelekea Kigoma, kuna kazi ambayo mfanyabiashara mzoefu haifanyi kwa pupa: kuchagua noti. Anazikunjua moja moja, anazinyoosha pajani, anaziinua kwenye mwanga. Yenye pembe iliyochanika, hata kama mpasuko ni mdogo kama ukucha, anaiweka kando. Ya dola moja haihangaikii. Zilizo nzima anazifunga kwenye nailoni na kuzificha kiunoni, chini ya kitenge. Mtaji wa miezi kadhaa unavuka Ziwa Tanganyika ukiwa umeshikamana na mwili wa mtu mmoja.

Hivyo ndivyo biashara ya Nundu, Mboko, Swima na Baraka, kwenye pwani ya Fizi mashariki mwa Kongo, inavyokwenda. Mawese yanavuka, chumvi ya Uvinza, sukari, sabuni na saruji vinarudi. Boti ikizama au majambazi wakitokea, mtaji nao umekwenda. Ndiyo maana swali la kulipa kwa kadi na simu si la watalii wa hoteli kubwa peke yao. Linamhusu moja kwa moja mama anayeshuka bandari ya Kibirizi, Kigoma, akiwa na watoto wa kusomesha nyumbani.

Sarafu tatu, safari moja

Upande wetu tunaishi na fedha mbili. Franka inanunua mboga na kulipa pikipiki, dola inanunua mzigo na kiwanja. Hata M-Pesa na Airtel Money za Kongo zinampa mteja mifuko miwili katika simu moja, wa franka na wa dola. Mwaka 2025 ulitukumbusha jinsi mizani hiyo inavyoyumba: dola iliyokuwa inapata zaidi ya franka 2,800 ilishuka chini ya 2,500 ndani ya wiki chache, na aliyeshika dola aliona thamani ya mtaji wake sokoni ikipungua.

Ukifika Kigoma, sarafu ya tatu inakungoja. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza kutaja bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mgeni abadilishe kwanza benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, ndipo alipe kwa shilingi. Kwa hiyo gharama ya kubadilisha imekuwa sehemu ya bei ya kila gunia. Na noti ndogo, au zilizochapishwa zamani, mara nyingi zinapewa kiwango cha chini kuliko noti mpya ya dola mia.

Kadi inafaa wapi

Benki za Kongo kama Rawbank na Equity BCDC zinatoa kadi za kimataifa. Nyingi zilizo mikononi mwa watu wetu si za mkopo: zinakata akiba iliyomo kwenye akaunti. Kigoma, mashine za kutolea fedha za benki kubwa zinazipokea. Dar es Salaam, hoteli na maduka makubwa yana mashine za kugusisha: unaisogeza kadi kwa umbali wa sentimita chache, inalia, umelipa. Malipo madogo mara nyingi hayadai namba ya siri. Urahisi huo ndio hatari yake, kwani aliyeokota kadi yako naye anaweza kugusisha. Iandike namba ya simu ya benki kwenye daftari, mbali na kadi, ili uifunge kadi mara moja ikipotea.

Gharama zinajificha mahali pawili. Kwanza, ada ya kutoa fedha ugenini. Tuseme ni dola 5 kila mara: anayetoa mara tano ameacha dola 25, anayetoa mara moja ameacha 5. Pili, mashine inapouliza kama ulipe kwa shilingi au kwa dola. Dola inavutia kwa sababu tumeizoea, lakini ukiichagua, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango. Chukua bili ya shilingi 500,000. Kwa kiwango cha 2,500 ni dola 200. Kwa kiwango cha 2,350 ni karibu dola 213. Chagua shilingi, kisha uliza benki yako mapema inakata asilimia ngapi.

Lakini kadi inahitaji benki iliyo wazi. Goma na Bukavu ziliposhikwa na waasi wa M23 Januari na Februari 2025, benki za miji hiyo zilifunga milango. Mtu wa pwani ya Fizi aliyetegemea tawi la Bukavu alijifunza kuwa akaunti yenye fedha inaweza kuwa haifikiki.

Simu, laini mbili

Kwenye maduka ya jumla ng'ambo, muuzaji anataka noti au Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu. Jina M-Pesa linasomeka Baraka na Kigoma pia, lakini akaunti ya Kongo si akaunti ya Tanzania: sarafu ni tofauti, wasimamizi ni tofauti. Mgeni anaweza kusajili laini ya Tanzania kwa pasipoti yake, akaweka shilingi na kulipa bila kutembea na bunda sokoni. Wengine wanakabidhi dola kwa mtu wa Baraka, mwenzake wa Kigoma anatoa shilingi. Njia hiyo inaishi kwa uaminifu tu. Siku mmoja wao akikana, hakuna risiti ya kupeleka popote.

Lakini njia rasmi inawezekana: Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Benki ya CRDB ya Tanzania ilishafika Bujumbura mwaka 2012, na mwaka 2023 ikafungua Lubumbashi. Mabenki yanajua kuvuka. Pwani ya Fizi inahitaji tawi au wakala mwenye fedha za kutosha, ada zilizobandikwa ukutani kwa Kiswahili, na simu ya Baraka inayolipa Lipa Namba ya Kigoma kwa kiwango kinachoonekana kabla ya kubonyeza.

Hilo likifanyika, mama wa Nundu atapanda boti na simu na nauli tu. Ziwa likichafuka, atahofia maisha yake, lakini ada ya shule ya watoto itakuwa imeshafika salama.