NYANGUMI NA POMBOO: BABU ZAO WALITEMBEA NCHI KAVU

Leo tuzungumze juu ya nyangumi na pomboo. Wenzetu wa pwani wanawafahamu. Pomboo huonekana sana Kizimkazi, Unguja. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kila mwaka, hasa kuanzia Julai mpaka Oktoba. Sisi wa bara tunawasikia tu, na wengi wetu husema, "Si ni samaki hao!"

La, si samaki. Hebu tuone sababu.

ALAMA ZA MWILI

Samaki hupumua majini kwa mashavu. Pomboo hana mashavu hayo. Ana mapafu kama yako wewe, kwa hiyo ni lazima apande juu kuvuta hewa. Tundu la pua yake liko utosini.

Samaki wengi hutaga mayai, tena kwa maelfu. Pomboo huchukua mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha maziwa. Damu yake ni ya moto kama ya ng'ombe.

Samaki akiogelea hupunga mkia kulia na kushoto. Pomboo hupiga mkia juu na chini. Mtazame mbwa anapokimbia: mgongo wake hujikunja na kujikunjua vivyo hivyo.

Sasa pasua pezi la pomboo. Ndani utakuta mifupa ya mkono, kifundo na vidole, kama mkono uliotiwa ndani ya mfuko. Kule nyuma, ndani ya nyama, kuna vimfupa viwili vya nyonga visivyoshika mguu wowote. Na mtoto wa pomboo akiwa bado mchanga tumboni, huota vichipukizi vya miguu ya nyuma. Baadaye vichipukizi hivyo hupotea.

Basi tujiulize: mnyama wa baharini, nyonga ni za nini?

MAWE YANASEMA

Jibu limepatikana ardhini. Mchimba kisima anajua kuwa tabaka la juu ni la karibuni, na la chini ni la zamani zaidi. Wataalamu huchimba hivyo hivyo, wakatafuta mifupa iliyogeuka mawe.

Nchini Pakistani walipata mifupa ya mnyama wa miguu minne, mkubwa kama mbwa. Walimwita Pakisetasi, na habari zake zilitangazwa mwaka 1981. Aliishi kando ya mito miaka kama milioni 50 iliyopita. Milioni moja ni elfu mara elfu, kwa hiyo huo ni wakati mrefu mno. Alikuwa na miguu ya kutembelea, lakini mfupa wake wa sikio ulikuwa mnene kama wa nyangumi.

Mwaka 1994 alitangazwa mwingine wa huko huko Pakistani. Huyu alikuwa na nyayo kubwa za kupigia maji. Inadhaniwa alivizia mawindo kama mamba.

Huko Misri, katika jangwa linaloitwa Wadi Al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, kuna mifupa mingi ya nyangumi wa kale. Zamani hapo palikuwa bahari. Nyangumi mmoja wa hapo alikuwa na urefu uliozidi mita 15, lakini miguu yake ya nyuma haikufika mita 1. Miguu hiyo isingeweza kumbeba hata kidogo. Habari za miguu hiyo zilitangazwa mwaka 1990.

MFUPA WA MBUZI

Ukichinja mbuzi, angalia kifundo cha mguu wa nyuma. Utakuta kimfupa chenye mfereji juu na chini, kama gurudumu la kupitishia kamba ya kisima. Ng'ombe anacho, nguruwe anacho, kiboko anacho. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa nyangumi wa kale wa Pakistani nao walikuwa nacho. Basi, wote hao ni ukoo mmoja.

Wataalamu wamelinganisha pia urithi ulio ndani ya chembe za mwili. Wameona kuwa, kati ya wanyama walio hai, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko. Si kwamba kiboko aligeuka nyangumi. Hao ni kama watoto wa baba mkubwa na baba mdogo: babu yao ni mmoja.

WALIBADILIKAJE?

Mkulima huchagua mahindi mazuri kwa mbegu. Akifanya hivyo kila mwaka, shamba lake hubadilika. Majini hapakuwa na mkulima, ila kazi ya kuchagua ilifanywa na maisha yenyewe. Aliyezaliwa na nyayo pana kidogo, au pua iliyo juu kidogo, alipata chakula zaidi na akaacha watoto wengi zaidi. Kizazi baada ya kizazi, mkono ukawa pezi, mguu ukapungua, pua ikapanda utosini.

FAIDA YA KUJUA HAYA

Ndugu mvuvi, pomboo akinaswa na jarife, hawezi kupanda juu kuvuta hewa. Anakufa maji, kama mtu. Na pengo lake halizibiki upesi. Mama mmoja huweza kukaa miaka 3 au zaidi kabla ya kuzaa tena. Ukiwavua kama dagaa, watakwisha.

Huko Kizimkazi zamani pomboo waliwindwa wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 wageni wanafika kuwatazama, na watu wa kijiji wanapata fedha. Pomboo aliye hai analeta fedha mwaka hadi mwaka, lakini chambo huisha siku moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini pomboo akinaswa wavuni hufa maji, na samaki hafi maji?
2. Taja alama tatu zinazoonyesha kuwa babu zake walikuwa wa nchi kavu.
3. Kwa nini pomboo huisha upesi kuliko dagaa?